Anko na Nyama ya Shingoni

Binti yangu ana miaka saba na ana anko kumi na watatu. Niliwahesabu Jumapili moja tukirudi kutoka kanisani hapa Bungoma, yeye akiwapungia mkono mmoja baada ya mwingine. Kuna anko wa bodaboda, anko wa maji, anko wa geti la shule, anko kinyozi, anko wa duka la kona na mdogo wake, na askari mmoja wa trafiki ambaye hata mimi simjui. Mama yake ndiye aliyemfundisha kwamba mtoto mwenye adabu hamwiti mtu mzima jina lake kavukavu. Ofisini kwangu neno hilohilo lina kazi nyingine. Vijana hunitania, "Anko, hiyo tumbo imepandishwa cheo," na wanacheka, nami nacheka nao. Na wasichana wa mjini wakisema fulani ana anko wake, hakuna anayefikiri wanamzungumzia ndugu ya mama yake.

Sina ugomvi nao. Neno la kuazima ni kama nguo ya mtumba, kila mtu hulipunguza kwa kiuno chake. Kiswahili cha vitabuni kina mjomba na kina amu, ila huku kwetu bara maneno hayo tuliyaacha darasa la nne pamoja na mafumbo na vitendawili. Kibukusu, lugha yetu ya nyumbani, nacho hakina mzaha katika jambo hili. Ndugu ya baba ni baba, ndugu ya mama ni khocha, na hakuna jina moja linalowaweka pamoja. Mimi nilikulia Kitale nikiwa na khocha mmoja niliyekuwa nimemwona mara mbili tu maishani, na anko mmoja niliyemwona kila siku. Watu hawa wawili walikaa kikao mara moja, kwa sababu yangu, na ndicho ninachotaka kukisimulia.

Anko wangu aliitwa Mwangi. Alikuwa na mashine ya kusaga mahindi pembeni mwa mtaa wa Kipsongo, na sisi watoto tulipaita kwa Posho. Wazazi wake walikuja Trans-Nzoia kutoka mkoa wa kati kutafuta shamba, na yeye alizaliwa hapo, akaoa hapo, akamzika mkewe hapo. Binti zake wawili walikuwa wameolewa mbali. Kope zake zilikuwa nyeupe kwa unga kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili akija kanisani kope zikiwa nyeusi nilikuwa nikimwona mtu mgeni kabisa. Harufu ya unga unaotoka mashineni ukiwa moto, ukichanganyika na dizeli, ndiyo harufu ya nyumbani kwangu.

Mama alikuwa fundi wa nguo. Baba alikufa nikiwa sijaanza kutembea, na Mama akaweka cherehani yake kwenye veranda ya Posho, akishona sare za shule na kutia viraka magunia. Mashine ikizimwa jioni, masikio yetu yakiwa bado yanavuma, Anko Mwangi alikuja kukaa kwenye gunia karibu na cherehani, Mama akamimina chai kutoka kwenye chupa. Walizungumza kidogo sana. Mimi nilidhani watu wazima wote waliochoka hukaa hivyo. Siku moja, Mama akiwa amekwenda kununua uzi, Anko aliniuliza swali.

"Wewe, hebu niambie. Kama ungekuwa na baba, ungetaka akuwe mtu wa aina gani?"

Nilifikiri vizuri kabla ya kujibu. "Mwenye pikapu."

Alicheka mpaka akakohoa. Yeye alikuwa na pikapu, ya kubebea unga, lakini sikuyaunganisha mambo hayo mawili. Kwangu mimi alikuwa anko, na kiti hicho kilikuwa kimejaa tayari.

Nilipotimiza miaka kumi na mitatu, Kuka, yaani babu yangu mzaa baba, alituma habari kutoka Tongaren kwamba msimu umefika na nitatahiriwa Jumamosi fulani ya Agosti. Kwetu jando huja kila baada ya miaka miwili. Ukikosa, unangoja miwili mingine ukiitwa omusinde, mvulana, na kila aliyekutangulia anaruhusiwa kukucheka, hata yule uliyemshinda hesabu na mieleka. Wenzangu wote wa rika langu walikuwa wanakwenda msimu huo. Usiku nilikuwa nikiota nimeachwa peke yangu uwanjani na watoto wadogo. Sikuogopa kisu hata nusu ya nilivyoogopa kubaki.

Nilipewa kengele za chinyimba, zile kengele mbili za chuma ambazo mvulana huzigonga kwenye vikuku vya mikononi akizunguka kualika jamaa. Binamu yangu Simiyu, aliyetahiriwa msimu uliotangulia na kwa hiyo akijiona mzee wa kijiji, alikuja Kitale kuniongoza. Mama alikuwa ametangulia Tongaren kusaidia kupika busaa, pombe ya sherehe. Mpango ulikuwa rahisi. Alhamisi tungekwenda Malakisi kwa Khocha Wanyonyi, kaka yake Mama, mkulima wa tumbaku. Yeye angechinja ng'ombe, akate ukanda wa nyama ya kifuani na kunivisha shingoni, kisha ningerudi nao Tongaren. Bila nyama ya khocha hakuna kisu kitakachokugusa.

Jumatano nilipitia Posho kumwalika Anko, kama nilivyowaalika majirani wote. Nilicheza kengele zangu mbele ya mashine mpaka wateja wakaacha kuchekecha unga na kupiga makofi. Anko alizima injini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana.

"Ngoja, ngoja," alisema. "Kwani utaenda kukatwa bila kitu ya Anko? Hata kwetu mtoto hawezi kwenda hivyo mikono mitupu."

Alimuuliza mpakizi wake mmoja, mzee kutoka upande wa Bungoma, anko wa kijana hufanya nini kwa desturi yetu. Mpakizi, ambaye alikuwa na gunia begani na haraka zake, alimjibu kwamba anko huchinja na kumvisha mtoto nyama shingoni. Hakuuliza ni anko yupi. Saa moja haikupita kabla beberu mweusi hajachinjwa nyuma ya Posho. Anko alikata ukanda mrefu kwa uangalifu wa mtu anayepima kitambaa, akautoboa tundu, akaupitisha kichwani pangu. Ulikuwa bado vuguvugu. Machozi yalimlenga machoni, na mimi nikadhani ni unga.

Lazima niseme ukweli: nilijua. Mtoto wa Kibukusu wa miaka kumi na mitatu anajua nyama ya shingoni hutoka kwa nani. Simiyu alinivuta kando akaninong'oneza, "Bana, hiyo si ya khocha," nami nikamwambia Khocha ataongeza yake, kwani ng'ombe na mbuzi wanapigana? Nilikuwa na furaha mno, sikuweza kumkataza Anko. Na ndani kabisa nilitaka yule aliyeninunulia viatu na kunifundisha kuogelea mtoni naye awe na sehemu yake.

Tulifika Malakisi adhuhuri. Tumbaku ilikuwa imetundikwa mabandani ikikauka, na harufu yake ilikuwa nzito na tamu hadi kichwa kikauma. Khocha Wanyonyi alikuwa ameketi mlangoni, mtu mrefu mwenye vidole vya rangi ya kahawia na ulimi uliochanganya l na r. Nyuma yake ng'ombe dume alikuwa amefungwa kwenye mti. Nilianza kuimba na kugonga kengele tangu barabarani, wanawake wa boma wakanipokea kwa vigelegele, halafu vigelegele vikakatika kimoja kimoja.

"Simama hapo kwa geti," Khocha alisema. "Hiyo nyama umevarishwa na nani?"

"Anko."

"Anko gani?"

"Anko Mwangi. Wa Kitale."

"Mimi ndio khocha yako. Niko na ng'ombe imefungwa hapa tangu jana. Na wewe unanikujia na mbuzi ya mtu kwa shingo?"

Simiyu alijitahidi kueleza. Khocha alimsikiliza mpaka mwisho, bila kupandisha sauti, kisha akasema nyama ikishavishwa imevishwa, haivuliwi kama skafu. Akaingia ndani kutafuta simu yake, awaite Mama na huyo Anko. Mimi nilibaki nimesimama getini, nzi wakinizunguka kifua, kwa sababu hakuna aliyeniambia niingie na hakuna aliyeniambia niondoke. Mke wake aliniletea maji, nikayanywa nikiwa nimesimama. Nilikuwa nikihesabu: leo Alhamisi, kesho Ijumaa, kesho kutwa Jumamosi.

Saa kumi pikapu ya unga ilitokea. Anko Mwangi alikuwa amempitia Mama Tongaren kwa kuwa ilikuwa njia moja, naye Mama alikuwa amekaa mbele, kando yake, na leso mpya. Hawakufikiri. Boma zima liliwaona wakishuka kwenye gari moja, Anko akizunguka upande wa pili kumfungulia Mama mlango uliokuwa mgumu kufunguka kwa ndani. Mwanamke mmoja aligeuza uso. Mimi nilifurahi tu kwamba wamefika upesi.

Waliketishwa nje kwenye viti. Anko alivua kofia. Alianza kwa kuomba radhi, akasema hakutaka kudharau mtu, alitaka tu kumsindikiza mtoto. Aliongea vizuri, na wazee wawili waliokuwepo walitikisa vichwa kukubali. Khocha hakutikisa.

"Mtoto anakuita nani?"

"Anko."

"Anko ni nani?"

Anko Mwangi aligeuzageuza kofia. "Ni mtu wa karibu. Mtu wa nyumba."

"Kwa ruga yetu hakuna mtu kama huyo," Khocha alisema. "Sisi tuko na baba, tuko na khocha. Sasa nisikize, mzee, sikutusi. Kama wewe ni ndugu ya huyu dada yangu, basi nyama yako ni ya khocha. Mimi nitaongeza yangu juu yake, mtoto aende. Tutakuwa makhocha wawili, haina shida. Lakini ujue ndugu ni ndugu mpaka kaburini. Hatageuka kesho alete ng'ombe hapa ati anaoa."

Akavuta kiti chake mbele. "Na kama ulikuwa na hiyo maneno ya ng'ombe, pia si vibaya. Mimi sikatai mtu. Rakini basi mtoto amefungwa nyama na mtu hana haki ya kumfunga. Atangoja msimu ingine. Sema mwenyewe."

Nilisikia ng'ombe akitafuna. Anko alimtazama Mama, na Mama hakumtazama yeye. Alikuwa akinitazama mimi, shingoni, pale nyama ilipokuwa imeanza kukauka na kunivuta ngozi. Niliona midomo yake ikisogea. Nilidhani anaomba Mungu Anko akumbuke jibu sahihi. Kwangu lilikuwa swali rahisi kuliko yote niliyowahi kusikia, na sikuelewa kwa nini mtu mwenye akili kama yeye alichelewa hivyo kulijibu.

"Sema, Anko!" nilipaza sauti kutoka getini. "Sema wewe ni ndugu!"

Ndivyo nilivyosema. Nimejaribu miaka mingi kukumbuka vingine nikashindwa.

Anko alivaa kofia yake. "Mimi ni ndugu yake," alisema.

Khocha akamgeukia Mama. "Umesikia?"

"Nimesikia," Mama alijibu.

Vigelegele vilirudi. Ng'ombe aliangushwa, nikapakwa mavi ya tumboni mwake kifuani kama desturi inavyotaka, nikavishwa ukanda wa pili juu ya ule wa kwanza. Nilirudi Tongaren na nyama mbili shingoni, jambo ambalo hakuna kijana wa rika langu aliyekuwa nalo, na nikajidai nalo vya kutosha. Jumamosi alfajiri nilisimama. Sikupepesa jicho. Anko Mwangi alikuwa kwenye mstari wa makhocha karibu na Wanyonyi, amejifunga shuka kama wao, akiimba nyimbo asizozijua maneno. Wanyonyi alikuwa akimsahihisha. Sidhani Khocha alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na sheria, nasi tulikuwa tumekaa muda mrefu mahali ambapo sheria haikuwa na jina la kutuita.

Tuliporudi Kitale, mambo yalikuwa yaleyale na hayakuwa. Cherehani ilibaki verandani. Chai ilimiminwa jioni. Lakini Anko alianza kumwita Mama "dada" mbele ya watu, naye alimwita "ndugu yangu," na gunia alilokalia lilisogezwa hatua mbili. Mimi nilipenda. Niliona tumekuwa ukoo halisi sasa, wenye karatasi zote. Ilinichukua hadi kufika chuo, na kumpenda mtu mwenyewe, ndipo siku moja nikiwa nimekaa darasani nikiwaza mambo mengine kabisa nikaona Mama akishuka kwenye ile pikapu na leso mpya. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilijisikia mwizi.

Likizo ile nilimwambia wazi. Tulikuwa wawili, akikata matundu ya vifungo.

"Mama, si ungeolewa tu na Anko? Watu wamebadilika. Nani atakumbuka maneno ya Malakisi?"

Hakuacha kukata. "Ulitahiriwa ama hukutahiriwa?"

"Nilitahiriwa."

"Na nyama ya nani?"

"Ya Anko. Na ya Khocha."

"Basi."

"Lakini ulikuwa unamtaka?"

Alinitazama, si kwa hasira. "Nilikuwa nishamwambia ndiyo," alisema. "Wiki ile ile. Tulikuwa tungoje umalize kukatwa ndio tukuambie." Kisha akanituma nikamletee mkasi mkubwa, ingawa alikuwa nao mapajani. Hatukulizungumza tena.

Anko Mwangi hakuoa. Alifariki mwaka huu, kabla ya mvua, na akazikwa kwenye shamba lake dogo nje ya Kitale. Watu walikuwa wengi kuliko viti, kwa sababu hakuna nyumba ya upande ule ambayo haikuwahi kula unga wake kwa ahadi. Mama alifunga safari nami. Miguu yake sasa ina maumivu, na alijishonea nguo nyeusi kwa mkono kwa kuwa cherehani inamchosha. Kijana aliyeendesha programu alikuwa na kipaza sauti kizuri na kasi kubwa. Tulipofika kwenye kuweka udongo, alisoma kwenye karatasi yake.

"Tunaanza na mjane."

Mtu alimwendea akamnong'oneza kwamba mke wa marehemu alitangulia zamani. Kiti kimoja cha mbele, karibu na jeneza, kilikuwa kimeachwa wazi kwa kufuata karatasi, kikiwa na kitambaa cheupe. Nilimwona Mama akikitazama. Nilitaka kusimama mbele ya watu wote niseme kitu, sijui kitu gani, kama nilivyopaza sauti getini Malakisi.

"Basi, twende kwa madada," kijana alisema. "Madada wa marehemu, mje mbele."

Wanawake wawili wazee kutoka mkoa wa kati waliinuka. Mama akainuka wa tatu. Nilimshika kiwiko nikasimama naye, kumsaidia kutembea, na kwa sababu sikuweza kuketi.

Alitoa mkono wangu taratibu.

"Keti," aliniambia. "Hii ni ya madada. Wapwa bado hawajaitwa."

Nikaketi, nikangoja kuitwa.